Upepo wa Nyota Kubwa za Buluu na Mahubiri Yetu Juu ya Mbingu

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kuhubiri katika maziko ya mama mmoja mzee huko Korogwe. Ili kuwafariji wafiwa tulisema kwamba wanadamu hupungua na kuondoka, bali nyota hazipungui. Zinawaka leo kama zilivyowaka usiku ule Ibrahimu alipotolewa nje kuzihesabu. Na kwa kuwa nyota hazibadiliki, Mungu aliyeziumba naye habadiliki. Tuliitaja hasa nyota moja ya Orioni. Maneno hayo yalipokewa vema, na sisi wenyewe tuliridhika nayo.

Baada ya ibada alitujia mzee wa kanisa mmoja kutoka Handeni, ambaye kazi yake ni kufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: "Mchungaji, niwie radhi. Nyota ile uliyoitaja inapungua, tena inapungua kuliko Jua letu mara mamilioni. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwapo makaburini. Kesho wataniuliza wamwamini nani, mimi au wewe."

Siku ile hatukuwa na jibu. Makala hii ni jibu lililochelewa. Tunakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, upepo wa nyota kubwa za buluu ni nini na unasukumwa na nini; pili, wanadamu waliujuaje; tatu, mhubiri anaweza kusema nini juu yake, na asiseme nini. Jambo hili si la udadisi tu. Kijana anayegundua kwamba mchungaji wake amesema lisilo kweli juu ya kitu kinachoonekana, atauliza kama anasema kweli juu ya kisichoonekana.

2. Nyota zenyewe

Msomaji aliye Handeni au Korogwe hahitaji darubini ili kuiona nyota tunayoizungumzia. Katikati ya mwezi wa Februari, yapata saa mbili usiku, na atoke nje mahali pasipo na taa, atazame juu utosini. Hapo ataona nyota tatu zilizopangwa katika mstari mmoja, ndizo mshipi wa Orioni. Kusini kidogo mwa mshipi huo, karibu kabisa na utosi wa mbingu yetu, ipo nyota ing'aayo sana yenye weupe wa kuelekea buluu. Jina lake ni Rigel, neno litokanalo na Kiarabu lenye maana ya mguu. Upande wa kaskazini-magharibi kipo Kilimia, kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu zamani ili kujua majira, kama jina lake lenyewe lionyeshavyo. Kitabu cha Ayubu (9:9 na 38:31) na cha Amosi (5:8) vinataja Kilimia na Orioni pamoja. Hivyo mbingu aliyoitazama nabii ndiyo tuitazamayo sisi. Tofauti ni kwamba sisi, tulio karibu na ikweta, tunaiona Orioni juu ya vichwa vyetu.

Rigel ni ya jamii ya nyota ziitwazo majitu makuu ya buluu. Tungamo lake ni kama mara 20 ya tungamo la Jua, na upana wake ni zaidi ya mara 70 ya upana wa Jua. Nuru inayotoa inazidi ile ya Jua mara 100,000 na zaidi. Twaiona ndogo kwa sababu iko mbali: nuru yake husafiri kwa muda wa miaka kama 860 kabla ya kutufikia. Ubuluu wake unatokana na joto. Mhunzi anajua kwamba chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huelekea njano, na kikizidi tena huelekea weupe. Nyota nazo hufuata utaratibu huo, na zenye joto kubwa kabisa hupita weupe zikaelekea buluu. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi; uso wa Rigel una nyuzi kama 12,000.

Mtu angedhani kwamba nyota yenye akiba kubwa hivyo ingedumu kuliko nyingine. Sivyo. Nyota kubwa hutumia akiba yake kwa haraka kupita kiasi. Jua lina umri wa miaka kama bilioni 4.6 nalo liko katikati ya maisha yake. Rigel ina miaka kama milioni 8 tu, nayo tayari ni nyota iliyozeeka.

3. Upepo huo ni nini, na unasukumwa na nini?

Tunaposema "upepo wa nyota" hatumaanishi hewa kama ya kaskazi au kusi inayovuma katika pwani ya Tanga. Ni mtiririko wa chembe za nyota yenyewe, hasa haidrojeni na heliamu, zinazoacha uso wake na kwenda angani zisirudi tena. Jua letu nalo lina upepo. Mwaka 1958 mwanafizikia Eugene Parker alieleza kwa hesabu jinsi unavyotokea. Upepo huo hulipunguzia Jua zaidi ya tani milioni moja kila sekunde. Hata hivyo Jua ni kubwa mno, hata katika umri wake wote upepo huo haukulipunguzia zaidi ya sehemu moja hivi katika elfu kumi.

Upepo wa Jua husukumwa na joto kali la tabaka lake la nje. Upepo wa jitu kuu la buluu una sababu nyingine: husukumwa na nuru ya nyota yenyewe. Hapa ndipo penye ugumu, kwa hiyo tuende hatua kwa hatua.

Kwanza, nuru ina msukumo. Sisi hatuusikii msukumo huo tusimamapo juani, kwa maana ni mdogo mno. Lakini karibu na nyota yenye nuru ya majua 100,000 si mdogo tena. Pili, atomu haipokei nuru yoyote tu. Kila aina ya atomu hupokea rangi zake maalumu. Atomu za kaboni, naitrojeni, oksijeni na chuma ni chache katika nyota, ila zina rangi nyingi zinazoweza kuzipokea, hasa katika mionzi ya urujuanimno ambayo majitu ya buluu huitoa kwa wingi. Tatu, atomu inapopokea nuru inayotoka ndani ya nyota, husukumwa kuelekea nje. Inapoitoa tena nuru ile, huitoa upande wowote, huku na huku. Kwa hiyo misukumo ya kuitoa hufutana, na ile ya kuipokea hujumlika yote kuelekea nje. Nne, atomu hizo chache zikisukumwa hugongana na zile nyingi za haidrojeni na heliamu, nazo zote hukokotwa pamoja.

Liko swali moja limebaki. Je, atomu zilizo chini hazitaimaliza nuru ya rangi ile, ili zilizo juu yake zikae kivulini? Walioona mashamba ya mkonge ya Korogwe wataelewa swali hili. Nyuzi za mkonge huanikwa juani juu ya nyaya. Zikirundikana, za mbele hukauka na za nyuma hubaki mbichi kwa kukosa jua. Lakini kama kila uzi ungeweza kusogea kidogo pembeni, ungepata jua lake. Atomu za upepo wa nyota hufanya jambo linalofanana na hilo. Kadiri zinavyokwenda mbali huongeza mwendo, na kitu kinachoikimbia nuru huiona rangi yake imebadilika kidogo, kama vile honi ya basi linalotuacha inavyosikika nzito kuliko ya basi linalotujia. Kwa kuwa rangi imebadilika, atomu ya juu huipokea nuru ambayo ile ya chini haikuigusa. Kila iongezapo mwendo hutoka kivulini, na kila itokapo kivulini huongezewa mwendo.

Matokeo yake ni makubwa. Upepo wa Rigel hupunguza tungamo lake mara kama milioni kumi kuliko upepo wa Jua unavyolipunguza Jua. Kwa kipimo kingine, kila miaka 20 hivi Rigel hupoteza tungamo linalolingana na Dunia yetu yote, pamoja na milima ya Usambara na bahari zote. Alnilam, nyota ya katikati ya mshipi wa Orioni, yenye joto zaidi, hupoteza zaidi ya hapo, na upepo wake hufikia mwendo unaozidi kilomita 1,500 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Korogwe akavuka Ziwa Viktoria kabla ya kumaliza kusema "Amina."

Kwa hiyo mzee wetu wa kanisa alisema kweli.

4. Ulijulikanaje?

Tarehe 18 Agosti 1600 Willem Blaeu, mchoraji ramani wa Uholanzi, aliona nyota mahali pasipokuwa na nyota inayoonekana, katika kundi liitwalo Cygnus. Leo nyota hiyo huitwa P Cygni, nayo ni jitu kuu la buluu ambalo wakati ule lilikuwa likitupa sehemu ya nje ya mwili wake. Mmoja wa walioandika juu yake ni Johannes Kepler, katika kitabu chake cha mwaka 1606 juu ya nyota mpya. Tutarudi kwake hapa chini. Mwezi wa Septemba, mapema usiku, kundi hilo huonekana upande wa kaskazini, na mwenye macho mazuri akiwa vijijini Handeni, penye giza la kutosha, aweza kuiona P Cygni kama nyota hafifu.

Nuru ya P Cygni ilipotawanywa katika rangi zake kwa vyombo, ilionekana alama ya pekee: ukanda mng'avu, na ubavuni mwake upande wa buluu ukanda wa giza. Ukanda wa giza hufanywa na gesi iliyo kati yetu na nyota, inayokuja upande wetu. Ukanda mng'avu hutoka katika gesi iliyoizunguka nyota pande zote. Alama hiyo ni ushahidi kwamba gesi inatoka. Mwaka 1967 Donald Morton alitangaza matokeo ya vyombo vilivyorushwa kwa roketi juu ya anga, kwa kuwa hewa yetu huzuia urujuanimno. Alama ile ile ilionekana katika nyota za mshipi wa Orioni, na mwendo wa gesi ulikuwa mkubwa ajabu. Mwaka 1970 Leon Lucy na Philip Solomon walieleza kwamba nuru iliyopokewa na atomu ndiyo inayousukuma upepo. Na mwaka 1975 John Castor, David Abbott na Richard Klein waliikamilisha hesabu yake.

Sehemu moja ya habari hii ilianzia katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, yapata kilomita 300 kutoka Korogwe. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei zitokazo angani. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na katika muda huo ilikusanya orodha ya vyanzo 339.

Mojawapo ya vyanzo ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, katika kundi lile lile la Cygnus. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hubadilika kwa kasi sana, hivyo chanzo chake lazima kiwe kidogo. Hatimaye ilifahamika kwamba hapo pana jitu kuu la buluu linalozungukana na shimo jeusi kila baada ya siku 5.6. Upepo wa jitu hilo hunaswa na mvutano wa shimo jeusi. Ukianguka hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Pasipo upepo wa nyota ya buluu, mwenzake asingeonekana.

Hapa tunapenda msomaji aone jinsi elimu hii inavyojisahihisha. Katika miaka ya 2000 ilitambulika kwamba pepo hizi si laini, bali zina mabonge kama uji usiokorogwa vizuri, na mabonge hayo yalikuwa yamewafanya wataalamu wakadirie upotevu mkubwa kuliko ulivyo. Makadirio mengi yakapunguzwa mara mbili au tatu. Tena mwaka 2021 vipimo vipya vilionyesha kwamba shimo jeusi la Cygnus X-1 lina tungamo la majua kama 21, zaidi ya ilivyodhaniwa. Ili nyota iache shimo kubwa hivyo, haikupaswa kupoteza sana kwa upepo. Kwa hiyo makadirio ya upepo yakatazamwa upya. Nyota zinapungua, hilo halina shaka. Bali kiasi chake kinaendelea kupimwa.

5. Vinavyopotea huenda wapi?

Tarehe 24 Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000. Ilionekana kwa macho matupu katika nchi za kusini, ikiwemo Tanzania. Picha za zamani zilionyesha kwamba iliyolipuka ni jitu kuu la buluu. Baadaye ilionekana pete ya gesi imeizunguka, gesi ambayo nyota ile iliitoa miaka kama 20,000 kabla ya kufa. Katika miaka ya 1990 wimbi la mlipuko liliifikia pete hiyo, nayo ikaanza kung'aa.

Vile nyota kubwa zinavyovitoa, kwa upepo wakati wa uhai wao na kwa mlipuko wakati wa mwisho, huchanganyika na mawingu ya gesi ambamo nyota nyingine na sayari hutungwa. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayoivuta ilitengenezwa ndani ya nyota kubwa za namna hii zilizotangulia kabla ya Jua letu kuwapo. Chuma cha jembe na cha damu yetu kadhalika kilitoka katika nyota zilizolipuka. Tunaposoma Mwanzo 2:7 na kukumbushwa kwamba tu mavumbi, tunaweza sasa kusema kwamba mavumbi hayo yana historia ndefu kuliko tulivyodhani.

6. Fundisho kutoka kwa Kepler

Kepler alikuwa Mlutheri, na alisoma theolojia huko Tübingen akikusudia kuwa mchungaji. Ni yeye aliyeandika juu ya P Cygni; na ni yeye pia aliyefikiri, alipotazama mikia ya nyota zenye mkia inayoelekea mbali na Jua, kwamba nuru ya Jua huisukuma. Hivyo mambo mawili ya makala hii, nyota inayojimwaga na nuru inayosukuma, yalipita mikononi mwake.

Mwaka 1612, huko Linz, Kepler alinyimwa Meza ya Bwana katika kanisa lake mwenyewe. Tuseme kweli: sababu haikuwa elimu ya nyota, bali alikataa kutia sahihi Fomula ya Makubaliano bila masharti, kwa kuwa dhamiri yake haikukubali fundisho moja juu ya kuwapo kwa mwili wa Kristo kila mahali. Hatuandiki haya ili kuhukumu mafundisho ya Fomula, ambayo ni urithi wetu. Tunaandika kwa sababu tunajua jinsi ilivyo rahisi kumfukuza mtu ambaye kosa lake ni kusema hadharani kile anachoona kuwa kweli. Kepler hakuliacha kanisa. Aliendelea kuomba kurudishwa mezani, wala hakurudishwa. Mwalimu yule wa Handeni alitujia baada ya ibada, kwa upole. Kama tungemjibu kwa ukali, huenda asingerudi tena. Na wanafunzi wake wangejua sababu.

Luther mwenyewe, katika mafundisho yake juu ya kitabu cha Mwanzo, alikubali kwamba kila elimu ina lugha yake, na kwamba wataalamu wa nyota waachiwe lugha yao. Hiyo ni njia njema kwetu.

7. Mhubiri aseme nini?

Kwanza, asijenge uthabiti wa Mungu juu ya uthabiti wa nyota. Tulipotafakari mahubiri yetu tuliona kwamba hatukukosea katika fizikia tu. Tulikosea katika Maandiko. Zaburi 102:25-27, na Waebrania 1:10-12 inayoirudia, hufundisha kinyume cha tulichosema: mbingu huchakaa kama vazi, bali Yeye hadumu kwa sababu ya mbingu, adumu zitakapokuwa zimechakaa. Faraja iliyowafaa wafiwa wa Korogwe ilikuwa tayari ndani ya Zaburi, nasi tuliiacha tukatafuta nyingine. Wala Isaya 40:26 haipingi hayo. Nabii asema kwamba Mungu aziita nyota kwa majina na hakuna inayokosekana mbele zake. Hasemi kwamba hazipungui. Mchungaji ajuaye majina ya washarika wake hasemi kwamba hawazeeki.

Pili, asidai kwamba Biblia ilitabiri upepo wa nyota. Tumewasikia wahubiri wakichukua 1 Wakorintho 15:41, pale Mtume asemapo kwamba nyota hutofautiana kwa fahari, wakaifanya kuwa somo la fizikia. Paulo alikuwa akifundisha ufufuo. Tukiifunga Injili na tarakimu za mwaka huu, tarakimu zikisahihishwa, kama zilivyosahihishwa mwaka 2021, Injili itaonekana imeanguka nazo.

Tatu, asiigeuze nyota kuwa mwokozi mdogo. Ni rahisi kusema kwamba Rigel "inajitoa" ili wengine waishi. Lakini nyota haipendi wala haichagui. Inasukumwa na nuru yake. Kristo alijitoa kwa hiari, kwa ajili ya watu aliowajua. Na tuongeze neno kwa watumishi wenzetu: asiwepo atakayemwambia mwinjilisti aliyechoka, mwenye mitaa mitano na baiskeli moja, kwamba ni lazima aungue hadi aishe kama nyota kubwa. Wokovu haukuwekwa juu ya kupungua kwake.

Nne, ashukuru. Zaburi ya 8 hutazama mbingu, kisha humtazama mwanadamu na kuuliza ni kitu gani hata akumbukwe. Anayejua kwamba pumzi yake ina oksijeni iliyotengenezwa ndani ya nyota ana sababu ya ziada ya kuuliza swali hilo.

8. Hitimisho

Ndugu msomaji, kosa letu la Korogwe lilikuwa dogo, nalo lilisahihishwa na mtu mwenye heshima. Si kila mahali patapatikana mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wa theolojia wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo: kabla ya kuhubiri juu ya mbingu, mtafuteni mwalimu wa sayansi aliye karibu, aliye msharika au asiye msharika, mkamwulize.

Sisi tulirudi Handeni Februari iliyofuata. Mwalimu yule aliwakusanya wanafunzi wake uwanjani baada ya chakula cha jioni, akawaonyesha Rigel na kuwaeleza upepo wake. Kisha akatupa nafasi. Tuliwaambia kwamba mwaka uliopita tulisema lisilo kweli makaburini, na kwamba mwalimu wao alikuwa sahihi. Halafu tukawasomea Zaburi ya 102.